Boti ya betri nayo ni chombo: ikaguliwe kabla ya kushushwa majini

Wamiliki wa vyombo wa Sahare, Tongoni na Kigombe, huku Tanga, wameanza kuulizia mashine za umeme na paneli za jua. Maswali ni mengi, na uvumi nao umekuwa mwingi, ukiwemo wa kwamba petroli imepigwa marufuku.

Hakuna kanuni inayopiga marufuku mashine ya petroli kwenye mashua yako. Kiwango cha kimataifa kilichoanza 1 Januari 2020, cha salfa isiyozidi asilimia 0.50, kilikuja kwa ajili ya mafuta mazito ya meli kubwa. Madaraja ya kupima meli kwa hewa ukaa inayotoa, yaliyoanza 2023, ni ya meli za tani 5,000 kwenda juu zinazosafiri kimataifa. Mashua haimo. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado watu wanasikiliza maneno ya kijiweni.

Anayehamia umeme kwa hiari tunamuunga mkono kwa dhati. Mashine za petroli za mipigo miwili (two-stroke) humwaga majini mafuta ambayo hayakuungua. Ule utando wa rangirangi huelea palepale wanapooshea samaki, na Kigombe imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale.

Lakini kusema "haina petroli, basi haihitaji ukaguzi" si kweli hata kidogo. Kubadili mtambo ni badiliko kubwa la chombo. Wasiliana na mkaguzi wa vyombo kabla fundi hajagusa kitu, ukiwa na cheti cha ukaguzi cha zamani na mchoro wa mahali betri zitakapokaa. Chombo hukaguliwa kikiwa nchi kavu, kisha majini. Kikikutwa kinapakia abiria bila cheti halali kitazuiwa, na mwenye chombo anaweza kushtakiwa pamoja na nahodha. Kusema hukujua hakukuokoi.

Betri ni nzito. Zikirundikwa upande mmoja, chombo hulala. Maji ya chumvi yakizifikia, shoti hutokea. Betri ya lithiamu ikishika moto, mchanga hauipozi. Inataka maji mengi, na inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa, huku moshi wake ukiwa sumu. Ndiyo maana tunasisitiza sanduku lisilopenya maji, lenye njia ya kutolea moshi mbali na abiria, na swichi ya kukata umeme ambayo nahodha anaifikia bila kuacha usukani. Kwa joto la huku, betri ya lithiamu ya fosfati ya chuma (LFP) hustahimili kuliko aina nyingine nyingi.

Mwenye jahazi la tanga ambaye hajabadili chochote anaendelea na cheti chake hadi tarehe iliyoandikwa.