Pakeji ya mwonekano kwenye gari la kifahari: M Sport, AMG Line na S line zinakupa nini hasa

Tafuta BMW 320i ya mwaka 2015 kwenye matangazo ya magari yaliyotumika Japani. Utakuta mbili zinazolingana rangi na kilomita, ila moja imeandikwa M Sport na bei yake imepanda. Dalali atakwambia, "Hiyo ni M, bosi." Siyo M, yaani yale magari ya BMW yenye moto wa mbio. Ni 320i iliyovalishwa nguo za M, na hiyo ndiyo maana ya pakeji ya mwonekano: vitu ambavyo kiwanda huongeza ili gari la kawaida lifanane na ndugu yake wa mbio, huku injini ikibaki ileile.

Ubishi wa vijiweni unamalizwa na namba. 320i ya toleo lile, linaloitwa F30, ina nguvu farasi 184. Ikiwa na M Sport ina 184. M3 ya kizazi hichohicho, ambayo ndiyo M halisi, ina 431. Kwa Mercedes, C180 ya kizazi kinachoitwa W205 yenye AMG Line ina farasi 156, wakati C63 ya AMG inaanzia 476. Audi nao wana S line, ambayo ni urembo, halafu wana magari ya S na RS, ambayo ndiyo yenye moto. Lexus wana F Sport, na juu yake kuna magari ya F yenyewe.

Majina haya yana uzito kwa sababu yalitafutwa kwenye mbio. AMG ilianzishwa mwaka 1967 na Hans Werner Aufrecht na Erhard Melcher, wahandisi waliokuwa wakizifanyia kazi injini za Mercedes. BMW walianzisha kampuni yao ya michezo ya magari, ile ya M, mwaka 1972. Baadaye watengenezaji waligundua kwamba wateja wengi wanataka ile sura, si lazima ule mwendo wala ile bili ya mafuta. Na kwa kiwanda biashara hiyo ni tamu. Gari lazima liwe na bampa, sketi za pembeni na usukani hata hivyo, na kubadili maumbo yake si sawa na kubuni injini mpya.

Kwa hiyo swali la kama inafaa kununua haliwezi kujibiwa kwa mkupuo, maana ndani ya jina moja kuna vitu vya aina tofauti kabisa. Mimi huvitenga hivi: unavyoviangalia, unavyovishika, na vitakavyokudai hela baadaye.

Unavyoviangalia ni bampa, sketi, grili, nembo ya M kwenye mbawa za mbele, na ule weusi unaong'aa kuzunguka madirisha badala ya kromu. Vinapendeza, sibishi. Vingine ni mchezo wa kuigiza. Inama nyuma ya C180 yenye AMG Line: kwenye matoleo mengi, yale "mabomba" ya ekzozi ya kung'aa ni pambo la bampa, na bomba halisi limejificha ndani likitazama chini. Pakeji nyeusi kama Night ya Mercedes au Black Pack ya Range Rover zimejaa aina hii peke yake, na ndizo ningeziacha kwanza. Fundi stika mzuri wa Nairobi au Dar anaweza kuifunika kromu kwa stika nyeusi, na siku ukiichoka anaibandua.

Unavyovishika ni habari nyingine, na hapa ndipo naona pesa inarudi. Siti za spoti zina mabawa yanayokubana kiunoni, paja linaungwa mkono, na safari ya Dar hadi Iringa huichoki vilevile. Usukani ni mnene zaidi mkononi. Dari ya ndani kwenye M Sport nyingi ni nyeusi, haionyeshi uchafu upesi. Hivi unavigusa kila siku, wakati ile bampa ya mbele wanaifaidi wenzako barabarani. Ila kaa kwanza kwenye siti yenyewe. Mtu mwenye mwili mpana anaweza kuyaona mabawa yaleyale kama adhabu.

Kisha vinavyokudai. Rimu. F30 ya kawaida inaweza kuja na tairi 205/60R16: upana milimita 205, ukuta asilimia 60 ya upana huo, rimu inchi 16. Zidisha upana kwa ile asilimia na unapata ukuta wa tairi wa milimita 123 kati ya rimu na lami. M Sport nyingi zina rimu za inchi 18: mbele 225/45, nyuma 255/40. Ukuta umeshuka hadi kama milimita 101. Ukichukua za inchi 19, mbele 225/40 na nyuma 255/35, unabaki na kama 90. Hizo milimita zilizopotea ndizo zilizokuwa zikipokea shimo kabla halijafika kwenye rimu. Na kwa kuwa tairi za nyuma ni pana kuliko za mbele, huwezi kuzihamisha ili zilike sawasawa. Nyingi pia ni ranflati, zile zinazokwenda bila upepo kwa takriban kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa, kwa hiyo gari mara nyingi halina tairi la akiba. Barabara za Ujerumani hilo si tatizo. Ukipasukiwa usiku katikati ya mbuga, hesabu umbali wa mji wenye saizi yako.

Bampa nayo. Midomo ya M Sport na AMG Line hushuka chini zaidi, na suspensheni ya M hulishusha gari kwa takriban milimita 10. Inasikika kama si kitu. Nenda kaulize matuta ya ndani ya hifadhi ya Mikumi, au zile kingo za zege za maegesho ya maduka makubwa. Mdomo ukishapasuka, fundi bodi ataunyoosha na kuupaka rangi, lakini bampa halisi ya pakeji ni spea ya kusaka, na nakala nyingi hazikai sawa kwenye maungio: ukipitisha kidole kati ya bampa na taa unausikia mwanya.

Ndiyo maana kabla ya kulipia jina, hakikisha lipo kweli. Nembo ya M inauzwa kila duka la mapambo ya magari, na bodikiti ya kuiga inafungwa kwa siku moja. Kwa BMW, chukua herufi na namba saba za mwisho za namba ya chesisi, uziweke kwenye tovuti yoyote ya kusoma chesisi za BMW, na orodha ya vilivyofungwa kiwandani itatoka. Tafuta 337: hiyo ndiyo pakeji ya M Sport. 704 ni suspensheni ya M, 715 ni bampa na sketi, 760 ni ule weusi wa madirishani. Usiishie kwenye 337, kwani katika masoko mengine mnunuzi aliweza kuchukua M Sport akabaki na suspensheni ya kawaida. Kwa barabara zetu, gari yenye 337 bila 704 kwangu ni bahati, si kasoro.

Hukumu yangu basi. Gari jipya dukani: omba bei ya siti na usukani peke yake, na pakeji nzima ichukue tu kama vitu hivyo haviuzwi bila hiyo. Gari lililotumika ni tofauti, kwa sababu mnunuzi wa kwanza alishalipia urembo na wewe unakuta tofauti iliyopungua. Zaidi ya hapo, utakapotaka kuliuza, wengi watauliza kama ni M Sport kabla hawajauliza historia ya sevisi, jambo la kusikitisha lakini ndilo soko. Kama tofauti ya bei haizidi seti moja ya tairi nne nzuri, chukua yenye pakeji. Ikizidi hapo, chukua ya kawaida yenye kilomita chache, na hiyo hela ipeleke kwenye oili ya gia, shokapu na breki.

Na ukishaichukua yenye pakeji, zile rimu za 18 unaweza kuziuza, maana zina wateja, ukafunga za inchi 17 zenye 225/50 pande zote nne. Ukuta unapanda hadi milimita 112 na tairi zote zinakuwa saizi moja. Jaribisha kwanza rimu moja mbele, uizungushe kwa mkono na uangalie kama haigusi kalipa ya breki.