Je, wajua kwa nini Marafiki hawapigi kura katika vikao vyao?

Mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria kikao cha kikundi hapa Mwanza, kiwe cha kuweka na kukopa mtaani au cha wavuvi wa dagaa wanaokutana siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa taa zao hazivuti samaki, anajua hoja ngumu inavyomalizwa. Mwenyekiti anawataka wanaoafiki wanyooshe mikono, mikono inahesabiwa, walioafiki wanatangazwa kuwa wameshinda, na ajenda inafungwa. Jumuiya ya Kidini ya Marafiki, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Quaker, imeamua mambo yake kwa zaidi ya miaka 300 bila kuhesabu mikono.

Jumuiya hiyo ilianzia Uingereza katikati ya karne ya 17, George Fox alipohubiri kwamba kila mtu ana nuru ya Mungu ndani yake. Januari 1661 Marafiki walimwandikia mfalme Charles II kwamba hawatashika silaha kwa sababu yoyote ile. Katika ukanda wetu wa ziwa waliingia mwaka 1902, wamisionari watatu Wamarekani walipofika Kisumu kwa reli mpya na kupanda hadi Kaimosi. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Anayesikia kwamba hawapigi kura huwa na moja ya dhana mbili: ama lazima wote wakubali, hivyo mbishi mmoja anaweza kukwamisha jambo milele, ama kuna mkubwa mmoja anayeamua na wengine wakanyamaza. Zote mbili si sahihi, na ile ya kwanza imeenea zaidi, hata miongoni mwa wanaowasifu Marafiki kwa upole wao, kwa hiyo inastahili kuondolewa taratibu. Kukubaliana kwa wote kunahusu matakwa ya watu, ambapo kila mmoja anapunguza anachotaka mpaka wakutane katikati. Marafiki hawaitafuti katikati hiyo. Wanaanzia kwenye imani kwamba Mungu ana jambo analotaka kikao kilifanye, na kwamba linaweza kutambuliwa watu wakimsubiri pamoja kwa utulivu. Swali lao basi ni wameongozwa kufanya nini, wala si wangapi wanataka nini. Ndiyo maana mtu anaweza kusema wazi kwamba yeye binafsi asingechagua njia hiyo, lakini anaona ndiko kikao kinakoongozwa, na jambo likapita. Mwingine anaweza kueleza wasiwasi wake kisha akakaa kando bila kuzuia. Anayepinga kwa ukaidi tu hana turufu mkononi, kwa sababu kinachopimwa ni uzito wa anachosema.

Jambo hili linaeleweka vizuri ukitazama watu wanaopandisha mtumbwi mzito mchangani, pale mwaloni. Kumi wakiushika, sita wakasukuma kulia na wanne kushoto, wale sita hawajashinda chochote. Mtumbwi umekaa pale pale na migongo imeumia. Wanangoja sauti moja, kisha wanasukuma. Na mmoja wa nyuma akipaza sauti kwamba kuna jiwe chini ya mkuku, hakuna anayemwambia kwamba yuko peke yake: kazi inasimama, watu wanainama kuangalia. Huenda jiwe lipo, huenda halipo, lakini yeye ndiye aliyekaa mahali pa kuliona. Marafiki wanamsikiliza mpingaji mmoja kwa sababu hiyo hiyo, kwamba nuru iliyo ndani yake huenda imemwonyesha kitu ambacho wengi hawajakiona.

Anayeongoza kikao ni karani. Tuseme wanajadili kama fedha zilizopo ziezeke jengo la ibada au zilipie karo za yatima. Mmoja anazungumza, kunakuwa na kimya kifupi ili maneno yaingie, kisha anazungumza mwingine. Haitarajiwi watu wajibizane papo kwa papo. Karani anapohisi mwelekeo umepatikana, anaandika aya moja ya muhtasari pale pale na kuisoma: tumeona karo zitangulie. Mama mmoja anasema aya hiyo imelisahau paa, na wote wamelisikia likivuja. Karani anafuta na kuandika upya kwamba karo zilipwe muhula huu, na suala la paa lirudi kikao kijacho. Anasoma tena, wanaitikia, nalo limekuwa neno la kikao kizima. Aya isipopatikana, jambo linaahirishwa.

Uhusiano wa haya na amani ni wa moja kwa moja. Kura huacha watu walioshindwa, na walioshindwa mara nyingi huondoka na kinyongo ambacho hakimo kwenye muhtasari wowote. Marafiki waliokataa kulazimisha watu kwa upanga waliona haifai kuwalazimisha ndugu zao kwa idadi.

Utaratibu huu una gharama, na mfano mzito zaidi ni utumwa. Mwaka 1688 wanaume wanne wa Germantown, Pennsylvania, waliandika waraka wa kuupinga. Kikao chao kiliona jambo hilo ni zito mno kikalipeleka ngazi ya juu, nayo ngazi ya juu ikaliweka kando. Baadaye Rafiki mmoja, John Woolman, na wenzake walikuja kuzunguka nyumba kwa nyumba wakizungumza na Marafiki waliomiliki watumwa; mwaka 1758 kikao cha mwaka cha Philadelphia, yaani chombo cha juu cha Marafiki wa eneo hilo, kikakubali kuwatuma wajumbe kwa kazi hiyo, na mwaka 1776 kikaamua kwamba asiyewaachia huru atatengwa. Ni miaka 88. Walitangulia taasisi nyingi za wakati wao, lakini wenye minyororo hawakuwa na nafasi ya kusema katika vikao hivyo, na kwangu hilo ndilo pengo kubwa la utaratibu wenyewe: unawasikiliza sana waliomo chumbani tu.

Wala haujazuia mifarakano. Marafiki wa Marekani waligawanyika mwaka 1827, na kikao cha mwaka cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1946, baadaye kilimeguka kuwa vikao kadhaa. Hata ibada zinatofautiana: Kenya nyingi zina mchungaji, nyimbo na mahubiri, wakati Uingereza watu hukaa kimya.

Usikilizaji huo, hata hivyo, umetumika nje ya makanisa yao. Mwaka 1975 wafungwa wa gereza la Green Haven, New York, waliwaomba Marafiki msaada, na kutokana na ombi hilo yakaanza mafunzo ya kuepuka ukatili yanayojulikana kwa kifupi kama AVP. Baada ya machafuko ya uchaguzi ya Kenya mwanzoni mwa 2008, Marafiki wa magharibi mwa nchi hiyo waliyatumia katika jamii zilizokuwa zimeumizana. Washiriki hukaa kwa duara, na katika zoezi mojawapo wanagawanyika wawili wawili: mmoja anazungumza, mwenzake anasikiliza bila kumkatiza, kisha wanabadilishana zamu.