Je, wajua kwa nini Wilt Chamberlain alijaza pointi, Bill Russell akajaza makombe?

Usiku wa tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, Pennsylvania, Wilt Chamberlain aliwafunga New York Knicks pointi 100 peke yake katika mechi ya mpira wa kikapu. Msimu huo alimaliza na wastani wa pointi 50.4 kwa mechi, rekodi ambayo hadi leo hakuna aliyeikaribia. Ungedhani tuzo ya mchezaji bora wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ilikuwa yake. Ilikwenda kwa senta mwenzake (mchezaji mrefu anayecheza karibu na kikapu), Bill Russell wa Boston Celtics, aliyekuwa na wastani wa pointi 18.9. Na enzi hizo waliopiga kura walikuwa wachezaji wenyewe, watu waliopambana na wote wawili uwanjani.

Walikuwa wameona nini?

Kwa umbo, Wilt alimzidi: mita 2.16 dhidi ya 2.08, tena mwenye misuli ya kutisha. Walikutana zaidi ya mara 140, na kwa kawaida Wilt ndiye aliyefunga zaidi na kuokota ribaundi zaidi, yaani mipira iliyorushwa ikakosa kikapu. Novemba 1960 aliokota ribaundi 55 katika mechi moja, na aliyemkaba alikuwa Russell huyohuyo. Hata hivyo Russell alistaafu mwaka 1969 akiwa bingwa mara 11 katika misimu 13. Wilt aliupata ubingwa mara 2.

Mimi naamini siri kubwa imo kwenye vidole. Mtu anaporusha mpira, nawe ukauzuia kwa kofi kali hadi ukaangukia kwa watazamaji, ukumbi mzima hulipuka kwa shangwe. Wilt aliwapa watu raha hiyo mara nyingi. Lakini mpira ukishatoka nje, hurudishwa kwa walewale waliokuwa wakishambulia, nao hujipanga upya. Russell aliona huko ni kupoteza mali. Yeye aliugusa kwa ncha za vidole tu, ukadondokea mikononi mwa mwenzake. Bob Cousy au K.C. Jones akiudaka, Celtics tayari wako mbio upande wa pili, na aliyerusha hata hajageuka. Pointi 2 za wapinzani zimekuwa zenu, na kwenye karatasi ya takwimu jina la Russell halipo: NBA ilianza kuhesabu mipira iliyozuiwa msimu wa 1973–74, wote wawili wakiwa wameshastaafu.

Tena alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Warushaji wengi hutumia wa kulia, kwa hiyo wakisimama ana kwa ana, mkono wake wenye ufundi uko upande uleule wa mpira. Hakuhitaji kuupitisha mbele ya mwili wa mtu na kuitiwa faulo. Miguu nayo ilikuwa ya mrukaji: alipokuwa Chuo Kikuu cha San Francisco alishindana pia kuruka juu kwenye riadha.

Sisemi Wilt alikuwa mbinafsi, kama wengi wanavyopenda kumsingizia. Kwa miaka mingi timu zake zilimtegemea yeye afunge, naye akafunga. Russell alikuwa na kocha Red Auerbach, akawa na Cousy na Sam Jones, baadaye John Havlicek. Huwezi kulinganisha mtu na mtu ukawasahau waliomzunguka.

Tena msimu wa 1966–67 unamtetea kabisa. Kocha wa Philadelphia 76ers, Alex Hannum, alimtaka apunguze kurusha na aongeze pasi. Wastani wake ukashuka hadi pointi 24.1, chini ya nusu ya ule wa 1962, pasi zake za kufungisha zikafika karibu 8 kwa mechi, na timu ikashinda mechi 68 kati ya 81. Kwenye mtoano wakaivaa Boston, iliyokuwa imebeba ubingwa miaka 8 mfululizo, wakaitoa kwa mechi 4 kwa 1. Mashabiki wa Philadelphia waliimba kwamba Boston imekufa, na mwaka ule walikuwa na haki ya kuimba.

Russell, sasa akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, alirudi akachukua ubingwa wa 1968 na wa 1969. Mara zote mbili, ilibidi amshinde Wilt.