Ukaguzi wa kabla ya safari: foleni inahamia kwetu

Kila nikikaa na mawakala wa usafiri hapa Kampala swali ni lile lile: Marekani ikileta maofisa wake wa uhamiaji uwanja wa ndege wa Entebbe, wakague abiria hapa kabla hawajapanda badala ya wakishafika kule, si foleni zitaisha? Haziishi. Kazi yangu ni kupanga majengo ya abiria, na dhana hii inaniudhi kwa sababu hufika mpaka mezani kwa wanaogawa bajeti.

Aliyekaguliwa Dublin, Ireland, ambako maofisa hao wapo, akishuka New York hutoka nje kama aliyetoka Chicago, bila kukaguliwa tena. Muda aliouokoa kule ameshaulipa Dublin. Foleni ile ile imehamia upande wa kuondokea, na inataka ukumbi, madawati na eneo lililotengwa ili aliyekaguliwa asichangamane na wengine.

Entebbe sasa inapitisha abiria zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, na watu hugawanya hesabu hiyo kwa siku 365 wakadhani wamepanga. Jengo hupangwa kwa saa ya msongamano! Chukua ndege ya abiria 240, kila mmoja sekunde 90 kwa ofisa. Dawati moja linahudumia 40 kwa saa, kwa hiyo unahitaji 6 ili umalize ndani ya saa moja. Abiria wa ndege mbili wakija kwa wakati mmoja, ni 12, la sivyo wa mwisho anasubiri saa mbili.

Hapo sijamhesabu mama anayempelekea mwanawe nsenene za kukaanga. Ukaguzi huu unahusisha pia forodha na mazao, na begi lake limeshapelekwa kwenye mizigo. Likitakiwa kufunguliwa, lazima lirudishwe: nani analirudisha, kwa njia ipi, na ndege inasubiri dakika ngapi? Ushauri wangu haubadiliki: pima saa mbaya kuliko zote kwanza, ndipo uchore ukuta.

Wengine hunitajia mpaka wa Busia, ambako maofisa wa Uganda na Kenya wako jengo moja na unasimama mara moja tu. Uwanja wa ndege ni tofauti. Unagongewa muhuri wa kutoka, unapita usalama kwa viwango vinavyokubaliwa na nchi uendako, kisha unakutana na maofisa wake. Vituo vinaongezeka.

Eti hutahitaji viza? Utaihitaji, na ofisa anaweza kukuzuia usipande hata ukiwa nayo.

Eti maofisa wa kigeni watatukamata kwenye ardhi yetu? Ireland ina sheria ya mwaka 2009 kuhusu jambo hili, na kukamata watu kumebaki mikononi mwa polisi wake wenyewe.

Na wanaosema abiria wameongezeka kwa hiyo tunastahili huduma hii: Entebbe haina ndege ya moja kwa moja kwenda Marekani. Nairobi ilianza safari ya New York Oktoba 2018, na hadi sasa hakuna uwanja hata mmoja Afrika wenye ukaguzi huo. Anzeni na ndege.