Je, wajua kwa nini watawa wa Kihindu kule Hawaii walipanda msitu wa shanga?

Kule Hawaii, Marekani, katikati ya bahari ya Pasifiki, kuna kisiwa kinaitwa Kauai, na kando ya mto Wailua kuna watawa wa Kihindu ambao mwaka 1984 walipanda miti 108 ya aina moja. Miti imekua mirefu sana, mizizi yake imetanuka juu ya ardhi kama mbao zilizosimama wima, na chini yake kunadondoka matunda ya bluu, yaani bluu ile ya kung'aa hasa. Halafu hawayali! Sasa mbona mtu apande msitu mzima wa matunda asiyokula?

Jibu liko ndani ya tunda lenyewe. Ukilimenya ganda la bluu unakuta nyama kidogo, na chini ya nyama kuna kokwa ngumu kama mbao, ina makunyanzi mwili mzima, na imegawanywa na mifereji inayoshuka toka juu hadi chini, mara nyingi mitano. Katikati ina kinjia chake, kwa hiyo kupitisha uzi sio kazi kubwa. Hiyo kokwa ndo inaitwa rudraksha, na kwa Wahindu wanaomwabudu Shiva hizo ni shanga takatifu, wanaamini zilitokana na machozi yake. Wanazivaa shingoni na wanazitumia kuhesabia maombi, shanga 108 kwenye uzi mmoja, hesabu ileile ya miti ya pale msituni. Mwislamu na tasbihi yake, Mkatoliki na rozari yake, hapo hahitaji maelezo mengi.

Na ile bluu nayo ina maajabu yake, mimi hii ndo napenda kuliko zote. Ndani ya ganda hakuna rangi ya bluu kabisa, yaani hata uliponde vipi hupati wino wa bluu. Mwanasayansi David Lee alieleza jambo hili mwaka 1991: chini ya ngozi ya tunda kuna matabaka membamba mno, mwanga ukiyagonga unarudishwa ule wa bluu, kama inavyotokea kwenye manyoya ya tausi. Ndo maana tunda likishadondoka linabaki bluu vilevile wakati majani yaliyodondoka nalo yameshakuwa kahawia.

Sasa Wahindu walifikaje Kauai? Mwanzilishi wa makao haya, Sivaya Subramuniyaswami, alikuwa Mmarekani mzaliwa wa California, kabla ya utawa alikuwa mchezaji wa ballet, ile densi ya jukwaani, kule San Francisco. Akasafiri mpaka Sri Lanka na mwaka 1949 akapokelewa na mwalimu wake Yogaswami pale Jaffna, halafu mwaka 1970 akaweka makao Kauai. Eneo lenyewe lilikuwa takatifu tangu zamani kwa wenyeji wa Hawaii, na mabaki ya mahekalu yao ya mawe bado yapo kwenye bonde la Wailua. Nyuma yake kuna mlima Waialeale, moja ya sehemu zinazonyeshewa zaidi duniani, zaidi ya milimita 9,000 kwa mwaka, wakati Dar es Salaam inapata kama 1,100 tu. Kwa hiyo kijani hakikatiki, mpapai unaota, mnazi unaota, maua ndo usiseme.

Na hapo kwenye maua ndipo watu wengi hawaelewi. Mgeni akiingia anaona bustani nzuri, mabwawa, maporomoko ya maji, anadhani imepambwa kwa ajili ya watalii. Hapana. Ibada ya puja haiendi bila maua, na yanatakiwa mabichi, yaliyochumwa siku hiyohiyo, na desturi inasema ua la kutoa mbele ya Mungu usilinuse kwanza, maana harufu yake ya kwanza sio ya kwako. Kwa hiyo bustani ile ni sehemu ya hekalu. Maziwa nayo yanatumika kwenye ibada na jikoni, ndo maana wanafuga ng'ombe, na nyama hawali kabisa.

Siku yao inaanza alfajiri kwa ibada na kutafakari kwa pamoja, kisha kila mtu na kazi yake, huyu anapika, yule yuko shambani, mwingine yuko kwenye kompyuta maana hapohapo ndipo linapotengenezwa jarida la Hinduism Today, lililoanza mwaka 1979. Hawaoi, hawana mali ya mtu binafsi, na tangu mwaka 1973 hekalu lao dogo la Kadavul halijaachwa bila mtu. Wanapokezana zamu za masaa matatu matatu, mchana na usiku, mvua inyeshe isinyeshe, kila zamu kuna mtawa ndani mbele ya sanamu inayomwonyesha Shiva anacheza ngoma ya ulimwengu.

Hekalu kubwa, Iraivan, hilo limechukua muda kwelikweli. Mawe yake ni granaiti nyeupe, yalianza kuchongwa mwaka 1990 karibu na Bangalore, India, kwa patasi na nyundo tu bila mashine za umeme, halafu yakasafirishwa kwa meli hadi Kauai na mafundi wa India wakaja kuyapanga. Mle kuna nguzo ukizigonga zinatoa sauti za muziki, na kuna minyororo ambayo pete zake zinacheza ila yote imechongwa kutoka jiwe moja, haijaungwa popote. Katikati imewekwa fuwele ya asili yenye uzito wa zaidi ya kilo 300, ilipatikana Arkansas hukohuko Marekani. Msingi wake ulimwagwa mwaka 1999 bila nondo hata moja, na sababu yake mtu yeyote wa Mombasa au Unguja ataielewa, nondo ikishika kutu inavimba na zege linapasuka. Profesa P. Kumar Mehta wa chuo kikuu cha California, Berkeley, akawaandalia mchanganyiko wenye majivu mengi ya makaa ya mawe, ambao unakauka polepole bila kupata joto kali, kwa hiyo haupasuki ovyo. Walitaka udumu miaka 1,000. Mwanzilishi alifariki mwaka 2001 na hekalu likazinduliwa rasmi mwaka 2023, yaani aliyeota ndoto hakuliona limekamilika na bado wenzake hawakulipua kazi wala hawakukodi mashine ili wawahi.

Wageni wanaruhusiwa, na kiingilio hakuna. Ila geti liko wazi asubuhi tu, kuanzia saa 3 mpaka saa 6 mchana, baada ya hapo watawa wanarudi kwenye utulivu wao, na ukitaka kutembezwa hadi Iraivan kuna ziara za kuongozwa, unajiandikisha mapema. Ukifika saa 3 unaikuta puja ya Kadavul inaanza: unavua viatu nje, kama wanavyofanya kwenye mahekalu ya Kisutu pale Dar, unakaa chini kimya, kengele inalia, mtawa anazungusha taa, baadaye mwali unaletwa na watu wanapitisha viganja juu yake kisha wanagusa macho. Mavazi ni ya heshima, mabega na magoti yafunikwe, na aliyekuja na kaptula toka ufukweni hafukuzwi, anaazimwa shuka pale mlangoni, anajifunga kiunoni, anaingia.