SnoRNA: RNA ndogo isiyotengeneza protini, lakini ikikosekana mtu anaumwa

Wengi tulifundishwa kwamba DNA inanakiliwa kuwa RNA, RNA inasomwa inatoa protini, basi. Ni kweli ila sio yote, maana kwenye seli zako kuna RNA kibao ambazo hazijawahi kutoa protini hata moja, kazi zinazifanya zenyewe zikiwa RNA hivyo hivyo. Leo tuongelee kundi moja tu, snoRNA, yani RNA ndogo za kwenye nyukleoli.

Nyukleoli ni kile kidoa unachokiona ndani ya kiini cha seli ukichungulia kwenye hadubini. Ribosomu zinaanza kuundwa hapo, na ribosomu ndo zinazounga protini zote za mwili. Sehemu kubwa ya ribosomu ni RNA, na ikitoka kunakiliwa inakuwa bado mbichi, ni ndefu mno, inabidi ikatwekatwe alafu baadhi ya herufi zake (yani vile vijenzi A, U, G na C vinavyopangwa kuunda RNA) zirekebishwe, na kwa binadamu herufi zinazorekebishwa zinazidi 200. Sasa kimeng'enya kinajuaje ni herufi ipi wakati ziko 7,000 na ushee?

Kinaonyeshwa na snoRNA. Nyingi zina herufi kati ya 60 na 300 tu, na ndani yake kuna kipande kinachoshikana na RNA ya ribosomu herufi kwa herufi, kama meno ya zipu. Ziko familia mbili kubwa. Familia ya C/D inatembea na protini inaitwa fibrilarini, hii inabandika kundi la methili (kikundi kidogo cha kaboni na haidrojeni) kwenye sukari ya ile herufi, na haikosei kwa sababu unahesabu kutoka kisanduku kinachoitwa D, yani kipande kifupi cha herufi maalum ndani ya snoRNA, herufi ya 5 ndo inayobandikwa. Mimi nimefundisha kanuni hii mara nyingi na bado naiona ya ajabu. Familia ya H/ACA inatembea na diskerini, yenyewe inachukua uridini (ile herufi U) inaigeuza kuwa sudouridini, atomi ni zilezile ila zimeungwa upande mwingine. (Chanjo za korona za mRNA zilitumia ndugu wa karibu wa hiyo sudouridini, na ugunduzi uliofungua njia hiyo ndo uliowapa Katalin Karikó na Drew Weissman Nobel ya 2023.)

Zipo pia ambazo hazirekebishi herufi, kwa mfano U3, kazi yake ni kusaidia ile RNA ndefu ikatwe pale panapotakiwa.

Kitu kingine, snoRNA nyingi za binadamu zimekaa ndani ya introni, vile vipande vya jeni vinavyokatwa na kutupwa kabla protini haijatengenezwa. Miaka mingi introni zilionekana takataka, kumbe humo humo ndo kuna vitu seli haiwezi kuishi bila hivyo.

Zikiharibika sasa. Jeni ya snoRNA inayoitwa U8 ikiwa na kasoro mtu anapata ugonjwa wa ubongo, chokaa inajikusanya, vinatokea vifuko vya maji, na jeni hiyo ilijulikana 2016 tu. Diskerini ikiwa na kasoro, kucha zinaharibika, ngozi inabadilika rangi, mdomoni kunatokea mabaka meupe na uboho unaweza kuacha kutengeneza damu, na sababu kubwa ni kwamba RNA ya telomerasi, ile inayolinda ncha za kromosomu, nayo ina mkia wa H/ACA unaohitaji diskerini hiyo hiyo. Kwenye saratani pia snoRNA zinapanda na kushuka, ndo maana wenzangu wa maabara wanaotumia RNU44 na RNU48, nazo ni snoRNA, kama kipimo cha kulinganishia wawe makini sana, zenyewe sio kwamba zinatulia.

Ila ugonjwa unaonigusa zaidi ni Prader-Willi. Mtoto anazaliwa analegea, hata kunyonya hawezi vizuri, alafu miaka inavyoenda anaanza kusikia njaa isiyoisha, anakula na bado ubongo unamwambia hajala, na wazazi wanalaumiwa kwamba wamemdekeza. Wazazi hawana kosa lolote. Kwenye kromosomu ya 15 kuna eneo ambalo nakala ya mama huwa imezimwa, inafanya kazi ya baba peke yake, kwahiyo ya baba ikipotea hakuna ya kuziba pengo. Mwaka 2008 ilielezwa habari ya mtoto aliyepoteza kipande kidogo tu cha eneo hilo, jeni za protini za jirani zimebaki salama, kilichoondoka ni snoRNA, likiwemo kundi zima la SNORD116 lenye nakala karibu 30, na bado alikuwa na dalili kuu za Prader-Willi. Na SNORD116 hata hairekebishi ribosomu kwa namna inayojulikana.

Hili lina maana kubwa kwa mzazi. Kipimo cha kwanza cha ugonjwa huu huangalia methili kwenye DNA ya eneo hilo na kinakamata karibu wagonjwa wote, lakini wale wachache waliopoteza kipande kidogo cha SNORD116 peke yake wanaweza kutoka na majibu ya kawaida kabisa. Kama dalili za mtoto zinaendana na nilichoeleza na majibu yamerudi safi, muulize daktari kama anaweza kupimwa kipande cha kromosomu kilichokatika, kwa sababu tiba ya homoni ya ukuaji na usimamizi wa chakula vinasaidia zaidi vikianza mapema.