Je, wajua kwa nini gari la spoti la zamani huchangamka likiondolewa platini?

Chukua MGB ya mwaka 1965, kigari cha spoti cha Kiingereza chenye silinda nne. Ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila silinda, ondoa platini (swichi ya kukata umeme) na kondensa yake, weka kihisio cha elektroniki kinachoenea kiganjani, kisha washa. Mara nyingi injini inawaka kwa mkupuo mmoja, silensa (mwendo wa injini isipokanyagwa mafuta) inatulia, na ukilikanyaga hadi mizunguko ya juu halikohoi tena. Matangazo ya vifaa hivyo hupenda kusema nguvu zimeongezeka. Lakini injini ikiwa ilikuwa na platini mpya zilizosetiwa sawasawa, mashine ya kupimia nguvu huonyesha tofauti ndogo mno, pengine isionyeshe kabisa. Sasa huo uchangamfu unatoka wapi?

Mfumo wa platini ni mkongwe. Charles Kettering wa kampuni ya Delco ndiye aliyeutengenezea Cadillac, ukaingia kwenye magari ya mwaka 1910, na msingi wake haukuguswa sana kwa zaidi ya nusu karne. Platini ni vinundu viwili vya chuma ndani ya distribyuta. Vikigusana, umeme wa betri hupita kwenye koili na kujenga usumaku. Kemu ya distribyuta, mhimili wenye pembe unaozunguka, ikivitenganisha, umeme hukatika ghafla, usumaku huanguka, na upande wa pili wa koili huzaa maelfu ya volti. Rota huzipeleka kwenye silinda ambayo zamu yake imefika, na plagi hutoa cheche.

Shida inaanzia kwenye muda. Injini ya silinda nne huhitaji cheche mbili kila krenki, mhimili mkuu wa injini, inapozunguka mara moja. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika hizo ni cheche 200 kwa sekunde, yaani milisekunde tano kutoka cheche moja hadi nyingine. Platini za MGB za miaka ile hubaki zimefungana kwa takriban theluthi mbili ya muda huo, kwa hiyo koili hupata milisekunde tatu na kidogo za kujijaza. Ni kama mtungi unaotolewa bombani kabla haujajaa. Tena nishati ya koili hufuata mraba wa mkondo: umeme ukifika nusu tu ya unaotakiwa, nishati ya cheche haibaki nusu, inabaki robo. Ndiyo maana gari linaloenda vizuri mjini linaweza kuanza kumisi pale tu dereva anapolikamua.

Kwa silinda nne, hata hivyo, platini nzima humudu. Hali huwa ngumu zaidi silinda zikiongezeka. Jaguar walipoleta injini ya V12, yenye silinda kumi na mbili, kwenye gari lao la E-Type mwaka 1971, injini hiyo kwenye mizunguko 6,000 ilidai cheche 600 kwa sekunde. Seti moja ya platini ingelazimika kufunga na kufunguka ndani ya milisekunde 1.7 hivi, na kwa kasi hiyo springi yake huanza kurukaruka badala ya kuufuata mwendo wa kemu. Jaguar wakaenda kwenye mfumo wa elektroniki wa Lucas ulioitwa OPUS. Hawakuwa wa kwanza: Pontiac walishauza mfumo wa transista kama nyongeza ya hiari mwaka 1963, na Porsche 911 iliupata wake wa kapasita mwaka 1969.

Turudi kwenye MGB yetu, maana hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Fungua kofia ya distribyuta ya gari lililotembea miaka bila kuguswa, uzitazame platini kwa tochi. Kinundu kimoja kimeota kichuguu cha kijivu, cha pili kimechimbika kishimo kinachokaribiana nacho ukubwa. Ni chuma kilichohama kidogo kidogo kwa kila mwako. Ukipima nafasi kwa fila geji (kibamba chembamba cha kupimia) kwenye nyuso hizo, utapata namba ya uongo, kwa sababu fila inakaa juu ya kichuguu. Kitabu cha gari kinataka milimita 0.35 hadi 0.40, ambayo ni nafasi ndogo kiasi kwamba mchubuko mdogo tu unaibadilisha.

Kuna na kile kisigino cha plastiki kinachosuguana na kemu. Kadiri kinavyolika, platini hufunguka kwa kuchelewa, na taimingi nzima ya injini, yaani wakati wa cheche kutoka, hurudi nyuma bila mtu kugusa kitu. Dereva haoni siku ilipotokea. Anazoea gari linalochoka polepole, siku anayoweka elektroniki na kuseti taimingi upya anashangaa, kisha sifa zote zinakwenda kwa kifaa. Kihisio hakina kisigino cha kulika wala uso wa kuungua, kwa hiyo ulichoseti leo kitakuwepo mwakani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida yake kubwa, kuliko ukali wa cheche.

Ila kipo kitu ambacho kihisio hakikiponyi. Shika ncha ya shafti ya distribyuta, itikise kushoto na kulia. Ikicheza, bushi zinazoishikilia zimeisha. Elekeza taa ya taimingi kwenye puli ya krenki na utaiona alama inayumbayumba badala ya kusimama mahali pamoja, maana kila silinda inapata cheche kwa digrii tofauti kidogo. Elektroniki huvumilia mchezo huo kuliko platini, lakini haiufuti. Ndani humo pia mna vizito viwili na springi zake, vinavyosogeza cheche mbele kadiri mizunguko inavyopanda.

Sababu ya kuisogeza ni kwamba mchanganyiko wa hewa na mafuta hauwaki papo hapo. Shinikizo linatakiwa kufika kilele pistoni ikiwa imeshapita juu kwa digrii kama 15, na moto unahitaji muda wa kusambaa. Kwenye mizunguko 3,000, milisekunde moja ni digrii 18 za krenki. Kwenye 6,000 milisekunde hiyohiyo ni digrii 36. Cheche ikichelewa, moto unaifuata pistoni iliyokwisha kukimbia, na joto linaishia kwenye ekzosi. Ikiwahi mno, injini inagonga, na kugonga huko kunaweza kutoboa pistoni. Springi za vizito zilizolegea kwa miaka hamsini huleta cheche mapema kuliko alivyokusudia aliyezipanga. Kwa hiyo mwenye distribyuta iliyochoka ni afadhali akarabati shafti, bushi na springi, au anunue nzima ambayo mpangilio wa taimingi umo kwenye programu yake, kuliko kubandika kihisio kipya juu ya uchakavu.

Wakati wa kufunga, angalia kwanza betri. MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 zilifungwa chanya kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo, na kihisio kikiunganishwa kinyume huweza kuungua papo hapo. Angalia pia koili. Ya kawaida ina upinzani wa omu tatu hivi, lakini magari ya baadaye yalitumia ya omu moja na nusu yenye waya wa upinzani uliofichwa ndani ya nyaya za gari. Ukiuondoa waya huo bila kujua, mkondo unakuwa mkubwa mno na kifaa kinachemka. Usiache ufunguo umewashwa injini imezimwa. Na waya za plagi zilizo na shaba tupu zitoe, kwa sababu kelele zake za umeme huvuruga elektroniki. Weka zenye upinzani.

Koili yenye nguvu zaidi hukuruhusu kupanua nafasi ya plagi kutoka milimita 0.6 hadi 0.8 au 0.9. Cheche ndefu huwasha kwa uhakika zaidi mchanganyiko ulio mwepesi, na silensa inanufaika. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho utaona tofauti ndogo, maana mchanganyiko ukishawaka umewaka. Cheche kali haiongezi mafuta yaliyomo ndani ya silinda.

Nguvu zenyewe zinatoka kwenye hewa. MGB ilitoka kiwandani Abingdon ikiwa na sentimita za ujazo 1,798, kabureta mbili za SU na nguvu farasi 95 hivi. Ukitazama silinda hedi yake utajua kwa nini haikuzidi hapo: ina milango miwili tu ya kuingizia hewa kwa silinda nne, kila mlango ukigawanywa na silinda mbili jirani, na milango mitatu ya kutolea moshi, yote upande uleule. Silinda jirani hunyang'anyana hewa. Kabureta kubwa za Weber hazibadilishi umbo hilo, ingawa zinapendeza sana kutazamwa. Kinachosaidia zaidi ni hedi yenyewe kuchongwa njia zake na kuwekwa valvu kubwa, halafu kamshafti inayolingana nayo, na mwisho kabureta ziwekewe sindano upya ili mafuta yalingane na hewa iliyoongezeka. Kamshafti kali peke yake hunyang'anya nguvu za chini na kuzirudisha kwenye mizunguko ambayo dereva wa kawaida haifikii. Kila hatua kati ya hizo hudai taimingi ipangwe tena, maana silinda inayojaa vizuri huwaka haraka zaidi na kuhitaji cheche ichelewe kidogo.

Kabla ya yote hayo, pima kompresheni (mgandamizo) ya kila silinda na useti nafasi za valvu. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, pesa ya elektroniki iwekwe kando kwanza.

Hedi ikishashushwa, kuna kazi moja isiyoonekana ya kumalizia. Magari haya yalibuniwa wakati petroli ina risasi, ambayo uwezo wake wa kuzuia kugonga uligunduliwa mwaka 1921 na Thomas Midgley, akifanya kazi chini ya Kettering yuleyule wa platini. Risasi hiyo ilikuwa pia inalinda viti vya valvu za moshi. Petroli yenye risasi ilikomeshwa duniani kote kwenye magari mwaka 2021, Algeria ikiwa nchi ya mwisho, na bila yake viti laini vya chuma cha kalibu hulika kwa mwendo mkali, valvu ikazama na nafasi yake kufunga. Fundi wa hedi atachonga viti vya zamani na kupachika vya chuma kigumu, kisha nafasi za valvu zitakaguliwa tena baada ya injini kutembea kilomita mia chache.